Mume Wangu Si Fundi wa Birika

Mwanangu Neema,

Sitakuuliza hali. Hali yako naisikia kupitia ukutani. Wewe na Mzee Anselmo mnafunga nyuzi mpya kwenye gitaa lako la besi, na kila uzi unapokaza unacheka. Mimi niko jikoni na chai yangu na hasira yangu. Mambo ya koti zito, dawa ya kifua na kadi ya treni nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, utaikuta kwenye sanduku juu ya taulo. Huku naandika yale yasiyokaa kwenye sanduku.

Jana uliniambia jambo. Ulilisema kwa Kiingereza, kama unavyosema mambo yote mazito, umesimama mlangoni na mswaki mkononi. Ulisema kesho watu watakapokuja kukuaga, mimi nikisimama mbele ya Mchungaji, na shangazi yako akiwa kwenye simu kutoka Morogoro, nikasema unakwenda Glasgow kusomea uuguzi, utabeba begi lako na kutoka, na Krismasi nisikutegemee. Nilikujibu, "Usinitishe mimi." Halafu nikaenda kukunja nguo ambazo nilikwisha kuzikunja.

Hukunitisha, Neema. Uliniudhi kwa sababu ulikuwa na haki. Kanisa zima linajua unakwenda kuwa nesi, kwa kuwa mimi ndiye niliyelitangazia. Kweli ni kwamba chuo cha uuguzi kilikupa nafasi ukaikataa, na unakwenda kupiga besi na wasichana watatu nisiowajua, mtakaa chumba kilicho juu ya duka la mikate, na asubuhi utauza mikate hiyohiyo. Kweli hiyo nimeificha kama mtu anavyoficha vyombo vichafu wageni wakibisha hodi. Nataka kukueleza nilivyojifunza kuficha, na nani kanifanya nione aibu ya kuficha.

Nitaanza na mume wangu. Vumilia nikimsifu. Nina miezi minne kwenye ndoa hii, na hayo maneno mawili, mume wangu, nayasema hata pasipohitajika. Juzi nilimwambia dereva wa basi.

Unajua tulivyokutana, lakini nakuandikia tena kwa kuwa napenda kuandika. Nilikwenda Kingsbury, upande wa pili wa London, kwenye duka la Bwana Jayanti, yule aliyezaliwa Moshi, anayepunguza bei kwa Kiswahili na kuipandisha kwa Kigujarati. Kwenye friza ilibaki pakiti moja ya mihogo. Niliishika, na mkono mwingine ukaishika upande wa pili. Ulikuwa mkono wa mwanamume mwenye kucha ndefu upande wa kulia tu, nikadhani ni mgonjwa, kumbe ni za kupigia gitaa. Bwana Jayanti akasema kutoka kwenye kaunta, "Mama Neema, mgawie mgeni. Mihogo ya friza haiozi, lakini mwanamume wa umri huo anaweza kuoza."

Nilicheka. Yeye akacheka bila kuelewa neno. Mpaka leo sijui kama nilikipenda kwanza kile kicheko au ule uungwana wa kushika upande wake wa pakiti bila kuuvuta. Jumapili alikuja kula mihogo hiyo kwa tui la nazi. Alipoonja aliweka kijiko chini, akasema mama yake alipika hivihivi, huko Brazili, na kwamba hakuwa ameila tangu alipokuja Uingereza. Macho yake yalilowa, Neema. Mwanamume wa miaka sabini na moja akalia mezani kwangu kwa sababu ya muhogo. Mimi ningefanya nini na mtu kama huyo zaidi ya kumpenda?

Maisha yake alinisimulia vipande vipande, tukisubiri mabasi, tukimenya vitunguu. Alizaliwa kwenye mji wa bandari, kaskazini mashariki ya nchi yao. Baba yake alibeba magunia ya sukari. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi redio, na kwenye redio zilizoletwa kutengenezwa ndipo alipousikia muziki wa roki. Gitaa la umeme hakuna aliyekuwa nalo pale mjini. Kwa hiyo alichomoa ubao wa kichwani wa kitanda cha bibi yake, akauchonga, akaufunga nyaya na vipande vya redio mbovu, na jioni moja ule ubao ukanguruma mpaka mbwa wa mtaa wakajibu. Bibi yake alilala kwenye kitanda kinachoyumba mwaka mzima bila kumsema. Mwanamke yule sikumjua, na nampenda.

Ule ubao ndio ulioanzisha mambo. Anselmo alichukua ngoma za sherehe za kwao, zile za mitaani, akaziweka chini ya gitaa la umeme. Kwao hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Wazee walisema anachafua ngoma, na vijana wa roki walisema anachafua roki. Baada ya miaka michache kila bendi ya nchi ile ilikuwa inafanya hivyo, na ikaonekana kama vile jambo lile lilidondoka kutoka mbinguni.

Sasa sikiliza. Kampuni moja ya mjini ilimwita kurekodi. Nyimbo alitunga yeye, aliimba yeye, gitaa alipiga yeye. Siku ya kupiga picha ya jalada la santuri wakaleta kijana mwingine, mweupe, nywele zimepangwa, hajui kupiga hata wimbo wa kubembelezea mtoto. Wakampa kushika gitaa la Anselmo, gitaa la kitanda cha bibi yake. Hata kulishika alilishika kinyume, ukiitazama picha utaona. Wakamwambia Anselmo sura yake haitauza. Alikuwa na miaka ishirini. Alisema sawa, kwa sababu walimwahidi jalada la pili. La pili likaja na sura ileile ya kijana yule.

Zilikuwa enzi za serikali ya kijeshi, na kila wimbo ulipelekwa kwanza kukaguliwa. Siku moja jukwaani aliimba beti walizozikata. Walimchukua. Alipotoka kizuizini, vidole viwili vya mkono wa kushoto havikukunjika tena vizuri. Akaja London na ufundi wake wa redio, akawa anafunga nyaya kwenye nyumba za watu kwa zaidi ya miaka arobaini. Usiku alipiga gitaa chumbani peke yake, bila kuliwasha, asimsumbue jirani.

Yeye akisimulia hayo anacheka. Mimi sicheki. Nilimwambia, "Anselmo, kasirika kidogo, nikuone."

Akasema, "Felista, nimekuoa wewe. Hasira ya nyumba inatosha."

Basi hasira ya nyumba inaandika barua hii. Kwa sababu baada ya kusikia yote hayo, baada ya kumlilia kijana yule wa miaka ishirini kama vile nimemzaa, nilifanya nini mimi? Ulikuwepo. Ulikuwa unanishikia kioo.

Ilikuwa asubuhi ya harusi. Unajua harusi zetu zilivyo, hata hapa Ulaya. Keki inaweza kukosekana, utambulisho haukosekani. Kila mtu anasimamishwa, anatajwa jina, kwao, na kazi yake, na watu wanapiga makofi kulingana na kazi. MC akapita chumbani kuniuliza, "Bwana harusi tumtambulishe kama nani?" Mama Kulwa, mwenyekiti wa kamati, alikuwa ananifunga kilemba. Nikamfikiria Mchungaji. Nikamfikiria shangazi yako kwenye skrini kule Morogoro, dada wa marehemu baba yako, aliyetoa baraka zake kwa shingo upande. Nikasikia watakavyosema: Felista kaolewa na mpiga gitaa, tena mzee. Nikasema, "Sema fundi umeme mstaafu."

Wewe ulisema, "Mum." Neno moja tu, na kioo kikashuka.

MC akatangaza. Ukumbi ukapiga makofi mazuri sana, maana fundi umeme ni mtu wa maana. Anselmo hakuelewa kilichosemwa. Alisimama, akainama, akaweka mkono kifuani, akasema "Shikamoo" kwa ukumbi wote, pamoja na watoto. Watu walimpenda palepale. Mimi nilikuwa naangalia sahani yangu.

Na unajua kilichofuata, kwa sababu ulikuwa unaruka vitu kwenye korido kila ukienda chooni. Mama Kulwa alianza na pasi. Akaja mwingine na kikausha nywele. Zikaja sufuria za umeme za kupikia wali, feni, redio, mashine ya juisi ya mtu wa Croydon ambaye hata harusini hakuja. Wote wanasema, "Tumesikia shemeji ni fundi." Na yeye, mtu aliyefanya nchi nzima icheze vingine, anavaa miwani, anakaa chini kwenye zulia langu na kufungua birika la Mama Kulwa. Anadhani ndiyo desturi yetu kwa bwana harusi mpya. Aliniuliza mara moja, kwa upole, "Hii inaendelea kwa muda gani?" Nikamwambia mpaka watu wamzoee.

Siku moja akaenda kutengeneza spika ya kanisa. Alipomaliza akanyoosha mkono kuelekea gitaa lililokuwa ukutani, na mpiga gitaa wa kwaya, mtu mzima mwenye ndevu, akamwambia, "Mzee, hilo usiguse, utaliharibu." Anselmo akarudisha mkono. Mimi nilikuwa napanga viti. Ningeweza kusema neno. Niliendelea kupanga viti, vikaisha, nikavipanga upya.

Halafu wakaja wale wa filamu, waliokuwa wanarekodi historia ya muziki wa kwao Anselmo. Siwezi kuandika habari hii nimekaa vizuri, naandika nimesimama. Walikaa siku mbili hapa Ilford. Walikula maandazi yangu, walisogeza kabati langu kwa ajili ya mwanga. Anselmo aliwapigia, kwa vidole vyake vinane vizuri na viwili vibovu, na wewe ulimpigia besi pembeni, na yule msichana wa kamera alifuta machozi. Nilifikiri, haya sasa, ukweli umepata mwenyewe.

Tukaenda kuitazama katikati ya jiji, sisi watatu. Nilivaa kitenge cha harusi. Na nani alikaa kwenye kiti cha dhahabu kwenye filamu ile, akisimulia jinsi alivyopata wazo la kuweka ngoma chini ya gitaa? Yule yule wa jalada. Mzee sasa, nywele kazipaka rangi. Anselmo alitokea kwa muda wa kupenga kamasi, na chini ya uso wake yakaandikwa maneno: fundi wa vyombo vya muziki.

Walipoomba maswali nilisimama. Sijui Kiingereza kile nilikitoa wapi. Nikasema mnayemwita fundi wa vyombo ndiye aliyetengeneza gitaa mliloliona kwenye picha, na nyimbo, na huo muziki wote mliokuja kuupigia makofi, na yule mzee wenu aombwe hapo hapo apige wimbo mmoja. Mwongozaji akasema, "Madam, muda wetu ni mfupi." Nikamwambia wangu pia ni mfupi, nimeolewa nikiwa na miaka hamsini na tatu, na bado nimewasikiliza saa nzima na nusu.

Watu walicheka. Wengine walipiga makofi. Anselmo alinishika mkono, akaubusu mbele ya ukumbi, na kwa dakika ile, mwanangu, nilijiona mwanamke shujaa kuliko wote London.

Tulipanda treni. Nilikuwa bado naunguruma. Tulipofika Stratford nilisema, "Wana uso gani wale, kumwita mtu kama Anselmo fundi?"

Wewe ulikuwa unatazama dirishani. Ukasema, "Mama, wewe ulimwitaje?"

Ulisema kwa Kiswahili, ili nisipate pa kujificha. Anselmo aliniuliza umesema nini. Nikamwambia umechoka.

Neema, wale wa jalada walimfuta ili wauze. Wale wa filamu walimfuta kwa uvivu. Mimi nilimfuta nikiwa nafungwa kilemba cha harusi, na nampenda kuliko pumzi. Nikichagua nani nimkasirikie zaidi, jibu silipendi.

Nimefikiri nilijifunza wapi. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa naimba. Hujawahi kuambiwa hili. Kwaya yetu ya Morogoro ilirekodi kanda, na nyimbo mbili niliongoza mimi. Barabarani watu waliniita kwa jina la wimbo. Nilipoolewa, marehemu baba yako hakunikataza. Alisema tu, "Unaonaje ukipumzika?" Kama angenikataza ningegombana naye. Nikapumzika. Na watu walipouliza kwa nini siimbi tena, nilisema koo linanisumbua. Niliugua koo hilo miaka kumi na moja. Watu waliniletea asali na tangawizi, nikanywa, nikashukuru. Mwisho hata mimi niliamini nina koo baya. Unaona uongo wa namna hii unavyofanya kazi? Unausema ili watu watulie, halafu unaanza kuumwa kweli.

Kwa hiyo ulipokuwa na miaka kumi na minne na gitaa lako la kwanza, na mitihani inakuja, mimi nilijua la kufanya. Nililipeleka kwenye duka la hisani, lile la mitumba, ukiwa shuleni. Ulirudi, ukaona pale ukutani hamna kitu. Hukulia. Ningependa ungelia. Wiki ile nilikukuta chumbani umeegemeza ubao wa kupigia pasi mapajani, vidole vyako vinatembea juu yake, hakuna sauti hata kidogo. Nilifunga mlango taratibu nikajisemea, ameshasahau. Nilipomsikia Anselmo akisimulia habari ya ubao wa kitanda nililia sana, naye akadhani namlilia bibi yake. Bibi yake alitoa kitanda. Mimi nilikuachia ubao wa pasi, na huo pia kwa sababu nilikuwa sijanyoosha nguo siku hiyo.

Sina ushauri mwingi. Wakikupiga picha, simama mbele, na gitaa lako ulishike mwenyewe. Wakikwambia zamu yako ni jalada la pili, waulize kwa nini si la kwanza, waulize palepale, kabla ya chai. Na ukipenda mtu, mtaje kwa kile anachokifanya, hata kama shangazi zake wako kwenye skrini. Hilo la mwisho najiambia mimi.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, kengele ikalia. Nikafungua. Mama Kulwa, na birika mkononi.

"Mama Neema, samahani, najua mna shughuli kesho. Hili limeanza tena kuzimika katikati. Shemeji yupo?"

Nikamwambia, "Yupo. Lakini hapa hakuna fundi wa birika."

"Hayupo au yupo?"

"Yupo mume wangu. Mume wangu ni mwanamuziki, Mama Kulwa. Ndiye aliyeanzisha muziki wa roki wa kwao, tangu kijana. Harusini nilidanganya, na MC alisema nilichomwambia. Na Neema hasomei unesi. Anakwenda kupiga gitaa la besi kwenye bendi."

Akaangalia korido, zile pasi, zile feni. Akasema, "Na hizi zote kazitengeneza mwanamuziki?"

"Zote."

"Mbona zinafanya kazi?" Halafu akashusha sauti. "Na birika nalipeleka wapi sasa?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kule chumbani mmenyamaza. Hakuna uzi uliolia. Nikajua umesikia. Mama Kulwa akasema, "Kumbe. Mimi kijana nilicheza sana dansi, nilikuwa siachi hata Jumamosi moja. Watoto wangu hawajui." Akaondoka na birika lake, na kwa jinsi ninavyomfahamu, muda huu kamati nzima imeshapigiwa simu. Nilikuwa nimepanga kuwapa habari kesho saa tatu. Sasa watakuja nayo wenyewe.

Shangazi yako nimempigia mwenyewe, asije akaipata kwa watu. Nikamweleza yote, ya Anselmo na ya besi. Kisha akasema, "Kwa hiyo koo lako nalo lilikuwa zima?" Miaka yote hiyo, Neema, alikuwa anajua. Akasema kesho atavaa vizuri, na nisisahau kuelekeza simu upande ulipo wewe, maana kwenye harusi aliona viatu vya MC tu.

Sasa nawasikia tena. Mmeanza polepole, Anselmo juu, wewe chini, na ukuta unatetemeka kidogo pale nilipoegemeza kichwa. Kesho, kabla Mchungaji hajaomba, utambulisho nitaufanya mimi. Nitaanza na wewe. Nitasema jina lako, na Ilford, na besi. Halafu nitamsimamisha mume wangu, nitasubiri amalize kuwaamkia watoto shikamoo, na nitasema kazi yake kwa sauti iliyowahi kuongoza nyimbo mbili. Koo halina tatizo lolote.

Tukimaliza, beba begi lako, nenda. Krismasi nakutegemea.

Mama yako,
Felista, mwimbaji